Mpaka Atimize Miwili

Shemeji yangu alikufa akiwa amekaa. Alikuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake huko Kibondo, anamenya muwa, na mkewe anamsimulia habari za mbegu za maharage. Yule mama aliendelea kusimulia. Hakujua kuwa anaongea peke yake mpaka alipoona kisu kimeanguka na mumewe hakiokoti.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Baba yao, mkwe wangu ambaye sikuwahi kumwona, naye aliondoka hivyohivyo, shambani, kabla hajafika arobaini. Walikuwa ndugu wawili tu wa kiume katika nyumba ile. Sasa alibaki mmoja, naye ndiye mume wangu, wa thelathini na sita.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, tukikaa Kasulu kwenye nyumba za walimu, kwa sababu mume wangu alifundisha chuo cha ualimu. Mimi ni mtu wa Heru Juu, kwetu ni pale juu tu, saa moja na nusu kwa mguu. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, mwaka na miezi miwili. Mazishini sikwenda. Mtoto alikuwa anatoka kwenye homa na lori la kwenda Kibondo lilikuwa limejaa mpaka juu ya magunia. Mume wangu alipanda peke yake, akakaa huko siku tisa.

Siku aliyorudi nilimpokea mzigo mlangoni, nikampa pole. Alinipita na viatu vyake vyenye matope, akaingia chumbani ambako mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake.

"Unasikiliza nini?" nikamwuliza.

"Moyo."

Alikaa pale muda mrefu, hata nikaanza kuogopa na mimi. Alipoinuka alinieleza. Daktari mmoja huko alikopita alimwambia kuwa yapo magonjwa ya moyo yanayotembea ndani ya ukoo. Mafuta yanaganda kwenye mishipa taratibu, mwaka hadi mwaka, mtu hajui, mpaka siku njia inapoziba. Akamshauri apunguze mafuta.

"Kakupa ushauri wewe," nikasema.

"Mimi na huyu damu yetu ni moja."

Kesho yake asubuhi alichukua debe letu la mawese, lililokuwa nusu, akalimwaga kwenye muhogo nyuma ya nyumba. Sisi watu wa Kigoma tunapika na mawese tangu tunazaliwa. Nilisimama na mwiko mkononi kama mtu aliyeibiwa. Ardhi ile ilibaki nyekundu siku nyingi, na kila nilipokwenda kuanika nguo niliikwepa. Kuanzia siku hiyo tulikula maharage ya kuchemsha na chumvi, na mboga za kuchemsha, na samaki wa kuchoma. Hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni maziwa.

Mtoto wetu aliishi kwa maziwa. Alipokuwa na miezi minane niliugua, nikalazwa wiki tatu, na niliporudi matiti yalikuwa yamekauka. Kuanzia hapo alikunywa maziwa ya ng'ombe, na aliyetuletea alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akikaa kwenye kijiji cha jirani. Alikuwa mjane, pengine umri wangu, lakini uso wake ulikuwa umetangulia. Alikuwa amelima shamba la mzee mmoja misimu miwili akalipwa mtamba, na mtamba yule akazaa, na ndiyo hayo maziwa. Aliyaleta kila asubuhi kwenye kibuyu. Watu wengine hubeba kibuyu kichwani au mkononi. Yeye alikifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto. Mara ya kwanza nilipomwona akija kwa mbali nilidhani ana mtoto kweli, nikajiandaa kumsalimu mtoto.

Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita mama mwalimu.

Mume wangu alinifundisha namna ya kuengua. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe kabisa kwenye sufuria pana, unakusanya ule utando wa juu kwa kijiko, unaacha tena, unakusanya tena. Mara mbili. Kinachobaki ni chepesi, na ukikiangalia kwenye kikombe cheupe pembeni kina rangi ya bluu kidogo. Hicho ndicho tulichokunywa wote, na mtoto pia. Mafuta niliyatupa nje ya mlango wa jikoni. Ningeweza kuyasukasuka nikapata samli, lakini mume wangu hakutaka hata harufu yake ndani ya nyumba.

Mbwa wa jirani akagundua. Akawa anakuja kila siku saa ileile, analamba mpaka majani.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu nikaona mtoto anadai kikombe cha pili, halafu cha tatu, na bado analia. Tulimpa uji, ndizi za kupondwa, maharage yaliyochujwa. Alikula mpaka tumbo likawa ngoma, na baada ya muda mfupi alianza kulia tena, kilio kile kidogo cha mtoto ambaye hana ugomvi na mtu, anataka tu. Alikuwa ameanza kutembea kabla ya msiba. Akaacha. Akawa anakaa palepale nilipomweka.

Mume wangu aliporudi kutoka darasani alikwenda kwanza kwa mtoto kusikiliza kifua. Kila siku. "Unapiga vizuri," alikuwa ananiambia, na nilimwona amepata nafuu. Basi na mimi nikanyamaza. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameanza kutembea kama kaka yake, bega moja likiwa chini, na sijui kama alikuwa akijua. Kuna jioni nilimwona anakuja kwa njia ya chuoni, jua liko nyuma yake, nikaona kabisa ni marehemu anayekuja. Nikaingia ndani nikakaa.

Asubuhi moja mama wa maziwa alikuta nimechelewa, ndio kwanza naengua. Alisimama mlangoni, akaangalia kijiko, akaangalia nilipomwaga, akamwangalia mbwa.

"Mbwa huyu amenenepa," akasema.

Niliendelea kuengua.

Akaingia bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akamchukua mtoto pale mkekani. Akamshika mkono wa juu, hapa, kwa vidole viwili, na vidole vikakutana.

"Mama mwalimu, ngozi ya maziwa unampa mbwa?"

Nikamweleza: msiba, daktari, moyo, mafuta. Nilieleza kama nilivyoelezwa, kwa maneno ya mume wangu. Alisikiliza huku anampapasa mtoto mgongoni. Nilipomaliza akakaa chini. Yeye hakuwahi kunisimulia habari za kwao, na mimi sikuwahi kumwuliza. Wakati ule hatukuwauliza, tulijua tu kwamba wamekimbia kuuawa.

"Mimi nilivuka upande wa Nyabibuye," akasema. "Usiku tunatembea, mchana tunalala porini. Mwanangu mgongoni, wa kike, mwaka mmoja na nusu. Njia yote hakulia. Tukafika. Wakatuweka pahala pamoja, watu wengi, wakatupa mahindi, wakatupa amata, maziwa ya unga. Unakoroga na maji. Nyeupe, nyeupe sana, mama mwalimu. Mimi ni mtoto wa wafugaji, nikayaacha mpaka asubuhi niyaone. Asubuhi juu yake hakuna kitu. Nikasema, maziwa gani haya hayana ngozi?"

Nje mbwa alikuwa bado analamba.

"Nilimpa, sikuwa na kitu kingine. Akawa mwepesi. Kila siku nikimfunga mgongoni namsikia amepungua. Mpaka siku moja nikamfunga, sikusikia kitu."

Halafu akamwangalia mwanangu, akambembeleza kwa lugha yao, ambayo ni jirani sana na Kiha chetu, "hora, mwana wanje, hora", yaani nyamaza mwanangu, na mwisho akamwita kwa jina. Halikuwa jina lake. Mwanangu akageuza kichwa, akaitika.

Nilisimama nikamchukua mtoto wangu. Nilimwambia yule mama, kwa adabu, kuwa nina kazi nyingi. Alielewa. Alifunga kibuyu kitupu mgongoni akaenda zake.

Kwetu mtoto hatakiwi kuitika jina la marehemu asiyemjua. Mimi ni Mkristo na nilikuwa mke wa mwalimu, nilijifanya nimeyaacha hayo. Lakini siku ile niliacha moto bila kuuwasha, nikakaa na mtoto mapajani. Nyumbani mwangu sasa walikuwa wafu wawili: mwanamume aliyekufa kwa mafuta na mtoto aliyekufa kwa kukosa mafuta, na wote wawili walikuwa wanasubiri niseme huyu wa kwangu atakunywa nini.

Sikumwambia mume wangu. Kesho yake nilimbeba mtoto nikaenda kliniki.

Nesi wa kliniki ya watoto alikuwa mama mtu mzima, mnene, asiyependa maneno mengi. Alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akasoma, akamtoa, akamning'iniza tena. Akachukua kadi ya uzito. Mstari ulikuwa umepanda tangu mtoto azaliwe, ukashuka kidogo nilipolazwa, ukapanda tena, na sasa alipoweka nukta mpya, ukawa umelala. Hata kulala ni kusema vizuri. Ulikuwa umeinamisha kichwa.

"Anahara?"

"Hapana."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye kuengua, akaweka kalamu chini.

"Nani kakwambia?"

"Baba yake."

"Basi mlete baba yake."

Nilidhani mume wangu angekataa. Wanaume hawakuwa wakija kliniki zama zile; ungemwona mmoja nje kwenye baiskeli, anasubiri. Lakini alikuja, na suruali yake ya kufundishia yenye chaki, akakaa kwenye benchi kati ya akina mama na watoto wao wanaolia. Nesi alimwekea kadi mbele.

"Mwalimu, wewe unasoma michoro. Soma huu."

Aliusoma. Nilimwona anausoma mara ya pili, kwa kidole.

"Mtoto wa umri huu tumbo lake ni kama ngumi yake," nesi akasema. "Hawezi kula ugali mwingi kama wewe akapata nguvu. Nguvu anaipata kwenye mafuta. Na kichwa chake bado kinajengwa ndani. Huyu ni wa maziwa mazima, na ngozi yake juu, mpaka atimize miaka miwili."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo, kama anakula chakula cha nyumbani vizuri na mstari unapanda, na kwa kuwa kwenu kuna ugonjwa huo, mnaweza kuanza kuengua. Siyo kwa siku moja. Kidogo kidogo. Lakini siyo leo."

Mume wangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Na kama yanaanza kuganda sasa hivi? Kama yalianza kwa kaka yangu akiwa hivi?"

Wale akina mama kwenye benchi waligeuka kumtazama.

"Mimi sijui kilichomuua kaka yako, Mwalimu," nesi akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sikumwona. Huyu namwona."

Wakati tunatoka nilibaki nyuma kidogo, nikamwuliza nesi habari za yule mtoto wa mkimbizi, bila kusema ni wa nani. Akasema wakati ule watoto wengi walikufa kwa kuhara, kwa surua, kwa uchovu wa njia, unga ule ulihitaji kuchanganywa na mafuta na pengine mafuta yalichelewa au hayakufika, nani ajuaye. Sikumpelekea mama wa maziwa maneno hayo. Ningempelekea ili iweje?

Njiani mume wangu alimbeba mtoto mwenyewe. Tulipofika alikwenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu miezi, akaandika kwa penseli kwenye karatasi siku mtoto atakapotimiza miwili. Jioni ile mtoto alikunywa maziwa mazima, yenye ngozi, akalala na sharubu nyeupe mdomoni. Mume wangu alitoka nje wakati mtoto anakunywa. Hakuweza kutazama.

Miezi tisa iliyofuata ilikuwa hivyo. Mstari ukainuka. Mtoto akasimama, akatembea, akaanza kukimbiza kuku. Mbwa alikuja siku kadhaa akakuta pakavu, akaacha. Mama wa maziwa aliona tofauti bila kuambiwa. Alikuwa anaweka kibuyu chini, anamshika mtoto mkono kwa vile vidole viwili, na vidole vikaanza kuachana. Hakumwita tena jina lile mbele yangu. Lakini kuna asubuhi nilikuwa uani, nikamsikia ndani anaongea naye kwa sauti ya chini, na mtoto anacheka, na nikalisikia jina, mara moja. Sikuingia. Nilisubiri mpaka akatoka. Niliona afadhali liitwe kwa mtoto anayecheka.

Mume wangu naye alikuwa bado anasikiliza kifua cha mtoto, ila sasa mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kumsukuma.

Siku mtoto alipotimiza miwili, mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni, sufuria mbele yake, kijiko mkononi. Nikasema, "Nesi alisema kidogo kidogo." Akasema, "Najua." Aliengua mara moja tu, juujuu, akaacha nusu. Alikuwa na mkono wa taratibu kuliko wangu. Baada ya mwezi akaengua zaidi, akinipeleka kliniki kila mara kuangalia kadi, na mstari haukuinama. Mtoto wakati huo alikuwa anakula kama sisi: ugali, maharage, dagaa, mapapai. Maziwa hayakuwa tena kila kitu. Hakuonekana hata kutambua kwamba kikombe kimebadilika.

Aliyetambua ni mama wa maziwa. Alikuta kijiko, akakitazama. Nilijaribu kumweleza kuwa sasa ni sawa, nesi kasema, mtoto kafikisha umri.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Wangu hakufika." Akafunga kibuyu chake. "Basi sijui kunakuwaje huko."

Haikupita muda mrefu wakatangaziwa kuhama. Wakimbizi waliokuwa wamejichanganya vijijini walikusanywa wapelekwe kwenye makazi yao, mbali, upande wa Tabora. Wengine walijificha, wengine walikuwa na ndugu wa kuwatetea. Yeye hakuwa na mtu. Aliuza ng'ombe na ndama wake kwa haraka.

Siku ya mwisho alikuja saa nne hivi, badala ya alfajiri. Ilikuwa Jumamosi na mume wangu alikuwa nyumbani. Muda wote huo, kila yule mama alipofika, mume wangu aliingia chumbani. Alikuwa anamkwepa. Nadhani alijua kuwa yule mama anajua kuhusu zile wiki za kuengua.

Safari hii yule mama alisimama uani akaita, "Mwalimu!"

Mume wangu akatoka.

"Mwalimu, naondoka. Haya ni ya mwisho, ng'ombe nimemkabidhi aliyemnunua asubuhi hii. Nimekuja na yako. Siyo ya mtoto. Yako wewe."

Alimimina kwenye kikombe chetu cha bati. Yalikuwa yamelala tangu jana, na utando juu yake ulikuwa mzito, wa manjano, umejikunja ulipoanguka. Akamshikia kwa mikono miwili, kama wanavyompa mtu wa heshima.

"Kunywa nikuone."

Niliangalia pembeni. Nilitaka kusema kitu cha kumwokoa, kwamba ameshiba, kwamba tumbo linamsumbua. Mume wangu alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Zaidi ya mwaka hakuwa ameonja mafuta. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akanywa. Alikunywa yote, na utando ulimkwama mdomoni akaumeza. Yule mama alimtazama mpaka mwisho, kisha akachukua kikombe, akakigeuza chini juu kuona kama kimekwisha, akatikisa kichwa kukubali. Akamwinamia mtoto, akamshika mkono. Akatuaga kwa Kirundi, nasi tukamjibu kwa Kiha.

Mume wangu alileta kiti akakiweka kivulini, akakaa, mkono kifuani. Hakuwa anaigiza, alikuwa anasubiri. Sikumwacha. Nilileta maharage nikayachambua karibu yake, nikawa namsemesha mambo ya ovyo, na kila baada ya muda nilinyamaza makusudi, nisikie kama atanijibu. Alinijibu kila mara. Saa sita ilipita, saa nane ikapita. Mtoto alikuja akalala miguuni pake. Jua lilipoanza kushuka akasema ana njaa.

Alifika thelathini na tisa, akavuka. Mwaka ule mzima hakukaa kwenye kigoda wala hakugusa muwa. Alipofika arobaini hatukufanya sherehe. Aliniambia tu, wakati anafunga viatu, "Leo nimemzidi kaka," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kosa. Aliendelea kuengua maziwa yake mpaka uzee. Sijui kama ndiyo yaliyomponya, au kama ugonjwa ule haukuwa ndani yake hata kidogo. Binti yetu ni mzima, na watoto anao.

Yule mama sikupata habari zake tena. Niliulizia kwa watu waliotoka kwenye makazi yale kuja kuuza vitu Kasulu, lakini kumwulizia mtu kwa kibuyu alichobeba mgongoni ni kazi ngumu. Tulipozaa mtoto wa pili, miaka mitatu baadaye, mume wangu hakubishana. Alinunua kalenda mpya, akaitundika, akasema, "Mpe mazima. Nitakwambia siku ikifika." Na kila asubuhi mtoto yule alipokunywa, mume wangu alikaa palepale mezani na kumtazama.